Aliyeungua Siye Mwenye Kosa

Rezista ya kwanza iliungua saa tatu usiku. Nikaitoa, nikaweka nyingine yenye rangi zilezile, nikawasha, nayo ikatoa moshi kabla sijavuta kiti. Ya tatu nilikuwa nimeshaikunja miguu, pasi ya kuchomelea imepata moto, ndipo nikasita. Asubuhi nililifunga sanduku kwa khanga kuukuu nikalipeleka Ngamiani, hapa Tanga, kwa mzee ninayemfahamu tangu utotoni. Yeye alianza ufundi wakati redio zilikuwa za mbao, na ndani yake mnawaka valvu kama vibatari.

Sanduku langu nalo lina valvu. Ni amplifaya ya gitaa niliyoijenga kwa mikono yangu, usiku na Jumapili, kwa kufuata mchoro wa Fender Deluxe wa miaka ya 1950, ule ambao wajenzi wa amplifaya popote duniani wanauita kwa namba yake, 5E3. Si mashine kubwa. Ina valvu tano, spika moja ya inchi 12, na nguvu ya wati 12 hivi. Vifaa vilitoka nje, ila transfoma niliagiza iliyosukwa kwa umeme wetu wa volti 230, maana ile ya asili ilisukwa kwa umeme wa Marekani.

Mzee aliitikia shikamoo, akauliza hali ya mama, akaniagizia kahawa. Kisha akalifungua sanduku na kulitazama huku mikono yake iko mgongoni. Alitazama muda mrefu mno. Nikaona nimsaidie, nikamwonyesha rezista iliyokuwa mkaa.

"Hiyo nimeiona, mwanangu," akasema. "Aliyeungua siye mwenye kosa. Huyo ni shahidi. Sasa tumuulize alimwona nani."

Tangu siku ile nimeshinda kwenye kibaraza chake mara nyingi, na hapa nataka kueleza nilichokiona, kwa sababu ni ufundi ambao ukiupita haraka huwezi kujua kama upo. Mtu anayechonga mlango wa Kiswahili, kazi yake unaiona ukiwa ng'ambo ya barabara. Anayetafuta hitilafu kwenye njia ya umeme ya amplifaya, saa nzima inaweza kupita hajagusa kitu, na akimaliza hakuna kilichoongezeka. Mashine iko kimya pale inapopaswa kuwa kimya, basi.

Njia yenyewe ya umeme si ndefu. Umeme wa ukutani huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na valvu haiitaki hali hiyo. Inataka umeme mkubwa unaosimama mahali pamoja, volti 350 hivi. Transfoma huupandisha umeme hadi volti 325 kila upande, halafu pande zote mbili huingia kwenye valvu iitwayo 5Y3, ambayo haikuzi sauti yoyote. Hiyo ni kama bawabu: anaruhusu kwenda, haruhusu kurudi. Upande mmoja ukipanda anaupitisha, upande wa pili ukipanda anaupitisha huo, kwa hiyo kila sekunde hutoka misukumo 100 ya umeme unaoelekea upande mmoja tu.

Misukumo hiyo humiminwa kwenye kapasita, na hapo mzee ana mfano wake ambao sijasikia mwingine unaoushinda. Kapasita ni mtungi wa maji jikoni. Anayechota kisimani huleta ndoo moja moja, lakini mpishi anachota kwenye mtungi wakati wowote na hajali ndoo imefika au bado. Katika 5E3 kuna mitungi mitatu, kila mmoja wa maikrofaradi 16, na kati yao kuna rezista mbili, moja ya omu 4,700 na nyingine ya omu 22,000. Mtungi wa kwanza unazilisha valvu mbili kubwa za mwisho, za aina ya 6V6, ambazo hazichagui sana. Wa tatu unazilisha valvu ndogo zinazopokea mtetemo wa uzi wa gitaa, na hao ni wageni wa kuheshimiwa: maji yao lazima yatulie kabisa.

Rezista yangu iliyoungua ilikuwa ya omu 22,000, ile iliyo kabla ya mtungi wa tatu. Mimi nilidhani ni mbovu. Nilipoibadilisha nikadhani nimeuziwa mbovu nyingine. Mzee alichofanya ni kuchomoa plagi, kumwaga umeme uliobaki kwenye kapasita, kisha kuweka waya mmoja wa tasta kwenye pini ya nane ya 5Y3, pale umeme mkubwa unapotokea, na waya wa pili kwenye bati la mashine. Rezista alikuwa ameshaweka nzima. Katika mashine isiyo na kosa, tasta huanza chini na namba zake hupanda polepole, kapasita inapojaa kutokana na betri ya tasta yenyewe. Namba zetu zilipanda kidogo zikagota karibu na 26,700.

Akanigeukia. "Jumlisha rezista zako mbili."

4,700 na 22,000 ni 26,700. Sikuwa na la kusema. Mkondo ulikuwa unapita rezista ya kwanza, unapita ya pili, halafu mbele ya ya pili unakutana na bati moja kwa moja, kama vile mtungi wa tatu haupo. Rezista ile iliyotengenezwa kuvumilia wati 1 ilikuwa inabebeshwa zaidi ya wati 3. Isingeweza kutoungua, na hata ningeweka kumi zingeungua zote. Kwa namba moja aliyoisoma mashine ikiwa imezimwa, mzee alikuwa ameondoa shaka juu ya transfoma, juu ya bawabu, juu ya mitungi miwili ya mwanzo, na kubakiza sehemu isiyozidi upana wa kiganja.

Alipouinua kwa bisibisi ubao unaobeba vifaa tukamwona mwenyewe. Kilikuwa kijiti cha waya, mguu wa rezista nilioukata mimi wakati wa kujenga, kimedondoka chini ya ubao na kukaa kati ya waya wa umeme mkubwa na bati. Kwenye mashine za asili chini ya ubao ule huwa kuna ubao mwingine mtupu wa kukinga. Mimi niliuona hauna kazi nikauacha. Mzee hakunisema. Alikata kipande cha ubao wa nyuzinyuzi kwa vipimo vyake, akakiweka mahali pake, akakaza skurubu.

Nizungumzie kidogo ule ubao wa vifaa, kwa maana una historia yake. Leo Fender alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938. Hakuwa mpiga gitaa. Alikuwa fundi redio, na mtu anayezijua kazi hizi akifungua amplifaya zake anamtambua fundi redio hapohapo. Vitu vimepangwa kwa mstari juu ya ubao wenye vishimo vya shaba, kila rezista inafikika kwa pasi bila kumng'oa jirani yake, na ndani ya kasha hubandikwa karatasi ya kuonyesha valvu ipi inakaa wapi. Alijenga kitu akijua kwamba siku moja mtu asiyemjua atakuja kukifungua. Nadhani ndiyo maana mzee wangu, ambaye hakuwahi kushika 5E3 kabla ya yangu, hakuiona ngeni. Tanga ndiyo ilikuwa nyumbani kwa bendi za Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, na enzi zile amplifaya nyingi za gitaa zilikuwa za valvu. Vipuri vina namba tofauti, mantiki ni ile aliyoizoea.

Kuhusu kumwaga umeme, hapo mzee hana mzaha hata chembe. Kapasita hukaa na volti zake baada ya plagi kuchomolewa, na volti 350 zinaua. Wengine hugusisha bisibisi kwenye pini na bati, cheche zinaruka na wanajiona mahodari. Yeye anatumia rezista ya omu 10,000 iliyofungwa waya wenye meno ya mamba, anaishikiza, anasubiri, kisha anapima kwa tasta kuhakikisha imefika sifuri. Na mashine ikiwa hai, mkono wake wa kushoto unakaa mgongoni. Nilidhani ni mazoea ya uzee. Siyo. Umeme ukiingia mkono mmoja na kutokea wa pili, njia yake inapita kifuani, kwenye moyo.

Kuwasha nako kuna adabu yake. Mzee ana kibao chenye balbu ya wati 60, ya kizamani, ya waya ndani, na umeme wote wa mashine hupitia kwanza kwenye balbu hiyo. Anawasha mara ya kwanza bila valvu hata moja: balbu inatoa wekundu hafifu, transfoma ni nzima. Anachomeka valvu zote na kuwasha tena: balbu inang'aa ghafla, kisha inafifia taratibu mitungi inapojaa na hita zinapopata joto. Ingebaki inawaka kwa nguvu, angezima hapohapo, kwa kuwa ingekuwa imekunywa mkondo ambao ungeivunja mashine. Hachomeki 5Y3 peke yake bila zile 6V6, na nilipouliza sababu aliniambia nihesabu. Pasipo mpishi mtungi hufurika: volti 325 za transfoma, zikipimwa kileleni, ni 460. Kapasita zangu zinavumilia 475. Ukingo huo ni mwembamba mno kuuchezea.

Siku hiyo niliondoka nayo inalia vizuri. Nilipiga nyumbani robo saa, nikafurahi, halafu dakika 20 baada ya kuiwasha ukaja mvumo mzito chini ya kila noti. Nikizima na kuiacha ipoe, mvumo haupo. Nikiwasha, dakika 20, huyo.

Sasa hapa ndipo nilipomstahi mzee kuliko hata siku ya kwanza.

Hakufungua kitu. Aliomba gitaa. Aliwasha mashine, akasikiliza ule mvumo mdogo sana ambao amplifaya za namna hii huwa nao, akabana uzi mnene kwenye freti ya tatu. Hiyo ni noti ya G, mitetemo 98 kwa sekunde. Mvumo wa misukumo ya 5Y3 katika nchi yetu ni 100. Ukizipiga sauti hizo mbili pamoja zinagombana kidogo, na unasikia pigo kama la kifua kinachopumua, mara mbili kwa kila sekunde. Alinifanya nilisikie hadi nikaweza kulihesabu. Nilifikiria baadaye kwamba mwenzangu wa California hana bahati hiyo. Umeme wao ni wa 60, mvumo wao ni 120, nao unaangukia katikati ya A-sharp na B, hakuna freti inayoukaribia namna hiyo.

"Huo ndio wa halali," akasema. "Sasa tumsubiri mgeni."

Tukasubiri. Zikapita dakika 15, zikapita 18. Alikuwa ameweka tasta kwenye mtungi wa kwanza inasoma volti 352. Hakusogea, hakugonga kitu, hakuchokonoa. Mimi ningekuwa nimeshabadilisha kapasita zote tatu, na hivyo ndivyo wengi hufanya, kwa kuwa kapasita zikizeeka ndizo huleta mvumo, na kila anayejua kidogo anajua hilo. Lakini kapasita zangu zilikuwa mpya, na kapasita iliyochoka haifuati saa.

Ulipokuja, aliinua kidole. Noti ilikuwa imeshuka. Mvumo wa 100 ulikuwa bado unasikika kwa juu, ila chini yake palikuwa na mwingine, oktava nzima chini, na tasta ikateremka hadi volti 301. Akageuza swichi ya tasta kupima mawimbi yaliyobaki juu ya umeme ule. Mwanzoni tulisoma volti 11, ambayo kwenye mtungi wa kwanza si tatizo, kwa kuwa zile 6V6 mbili huvuta pande zinazopingana na mawimbi hayo hufutana ndani ya transfoma ya spika. Sasa zilikuwa 23. Halafu akachomoa valvu ya kwanza ya kupokea gitaa: mvumo upo. Akachomoa ya pili: upo. Basi hautoki mbele, unatoka kwenye chakula chenyewe.

Aliniacha nifikirie. Ndoo 100 kwa sekunde zimekuwa 50. Mtungi unapungua sana kabla ndoo nyingine haijafika, ndiyo maana kina kimeshuka na mawimbi yamekua. Upande mmoja kati ya pande mbili za bawabu umelala.

Wengine hapo wangenunua 5Y3 mpya. Mzee alichukua kijiti kikavu cha mwanzi, mkono wa kushoto mgongoni, akaanza kugusa. Aligusa waya wa transfoma, hakuna. Akagusa mitungi, hakuna. Alipofika kwenye soketi ya 5Y3, mvumo ukakatika nukta moja ukarudi. Akazima, akachomoa plagi, akamwaga umeme, akapima omu mashine ikiwa bado ya moto. Kutoka pini ya nne hadi bati, 98. Kutoka pini ya sita, namba zilikuwa zinacheza, 900, 400, 900, na ukiubonyeza waya zinaanguka hadi 106.

Hizo 98 na 106 nilizitilia shaka, kwamba pande mbili za transfoma zingepaswa kulingana. Akanieleza kwamba upande mmoja husukwa ndani na wa pili juu yake, kwa hiyo wa nje una mzunguko mpana zaidi na waya mrefu zaidi. Volti zao ni sawa, omu zao hutofautiana kidogo. Hilo nimelikuta limewafanya watu warudishe transfoma nzima dukani.

Kosa lilikuwa mkononi mwangu tena. Kwenye pini ya sita risasi ya kuchomelea ilikaa juu ya waya bila kushikana na pini. Rangi yake ilikuwa ya kijivu, chembechembe kama chumvi, wakati pini ya jirani inang'aa. Soketi ikiwa baridi vinagusana. Lakini filamenti ya 5Y3 peke yake inakula volti 5 na ampia 2, ndiyo wati 10 za joto ndani ya chupa moja, na zile dakika 20 ndizo joto lilizohitaji kushuka hadi kwenye pini na kuvitenganisha kwa unene usioonekana kwa macho.

Alinikabidhi pasi. "Pasha pini, usipashe risasi. Pini ikipata moto risasi itakwenda yenyewe." Nilinyonya ile ya zamani yote, nikashikilia pasi kwenye pini hadi nikaona risasi mpya inatambaa kuizunguka na kulainika kama samli. Hakusema nimefanya vizuri. Alisogeza taa karibu, akatazama, akaniambia nirudie na pini ya nne pia, kwa vile iliyofanywa na mkono uleule siku ileile haiaminiki kwa sababu tu bado haijashindwa.

Namheshimu kwa jinsi alivyokataa njia za mkato kuliko kwa ujuzi wake, ijapokuwa ujuzi anao. Wapo wapenzi wa amplifaya hizi wanaochomoa 5Y3 na kuweka GZ34, ambayo inaingia kwenye soketi ileile na inapoteza volti chache zaidi. Volti zinapanda, sauti inakuwa kali, wanaona wamepata nyongeza ya bure. Nilimtajia. Alichukua tasta na kupima volti kwenye rezista ya omu 250 iliyo chini ya kathodi za 6V6: 19. Gawanya kwa 250, unapata miliampia 76 kwa valvu zote mbili, 38 kwa kila moja. Ukiondoa kidogo kinachopitia skrini, kila moja imeshakaa chini kidogo ya wati 12 kwenye pleti, na kikomo kilichowekwa na watengenezaji wake ni hizo 12. Akaniuliza hiyo nyongeza nataka kuiweka wapi. Sikuwa na pa kuiweka, na GZ34 yangu bado iko kwenye boksi lake.

Tuliiacha inawaka tangu adhuhuri hadi baada ya alasiri. Aliswali, akarudi, akasoma tasta, akanywa kahawa. Volti 352, bila kuyumba. Ilipofika jioni akaniambia nipige, nikapiga, naye akawa anasikiliza zaidi pale ninaponyamaza kuliko ninapopiga.

Kabla ya kufunga aliomba karatasi na penseli. Akaandika tarehe, kisha kwa mwandiko wake wa kulala: mtungi wa kwanza 352, wa pili 314, wa tatu 254, kathodi 19. Chini yake akaandika omu za pande mbili za transfoma, ya ndani na ya nje. Akaipaka gundi na kuibandika ndani ya kasha, ubavuni, mahali ambapo mtu akifungua bati la nyuma atakutana nayo kwanza, akaisugua kwa kiganja mpaka pembe zote nne zikashika.